Moshi wa Mti wa Kupandwa

Njombe huwezi kumtisha mtu kwa kumwambia miti inakwisha. Akifungua mlango anaiona: mipaini mlima mzima, milingoti inayosubiri kuwa nguzo za umeme, miwati iliyoletwa enzi za Mwingereza na hadi leo inachipua yenyewe kando ya barabara. Hapa mtoto akizaliwa baba anapanda miti, akifika sekondari anakata, analipa ada. Kwa hiyo habari ya agizo la serikali kwamba taasisi ziache kupikia kuni ilipotufikia, neno la kwanza lililosemwa kwenye kikao cha wafanyakazi wa shule yetu lilikuwa kwamba hayo ni ya wenzetu wa nyanda kame. Sisi tunapanda.

Na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni. Unga, maharage, mafuta, chumvi, sabuni, vyote vinapita kwenye daftari langu, na kuni zilipita humo pia. Sehemu kubwa ya kuni zetu haikutoka msituni. Yalikuwa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mashine ikishapasua mbao. Yasipochukuliwa na shule au na watu wa tanuri la matofali, yanachomwa palepale kiwandani ili kupisha nafasi. Kwa mtu wa mahesabu, kupikia mabanzi ni kutumia kitu ambacho kingeteketea bure. Ukitaka kutetea mazingira kwa hoja ya mti peke yake, mkoa wetu utakushinda kabla hujakaa kwenye kiti.

Ila banzi la mpaini lina utomvu. Likiwaka linatoa moshi mweusi, mzito, unaonata. Msimu wa mvua, ambao kwetu ni mrefu, mabanzi yanafika yameloa, na kuni mbichi haiwaki mpaka imalize kulia maji yake. Jiko letu lilikuwa banifu kwa jina: matofali, midomo ya kuni, na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Bomba liliziba masizi, likala kutu, likakatika. Tangu hapo moshi ulikuwa unawapitia wapishi kwanza ndipo utafute dirisha. Kuta zilikuwa nyeusi hadi kwenye kenchi, na ukitundika koti lako jikoni asubuhi, jioni mwenzako anajua ulikuwa wapi kabla hujafungua mdomo.

Wapishi wetu ni watano, mama wanne na baba mmoja. Saa tisa usiku walikuwa wameshaamka kuwasha, maana uji lazima uwe tayari wanafunzi wakitoka maandalio ya asubuhi, na moto wa mabanzi mabichi haukubali haraka. Anapiga magoti, anapuliza, anafuta machozi kwa kanga, anapuliza tena. Nilipoanza kazi nilidhani mpishi mkuu wetu ana ugonjwa wa macho wa kuzaliwa nao. Baadaye nikaona macho yale yale kwa wenzake, mekundu Jumatatu hadi Jumamosi, na yakipungua kidogo wakati wa likizo. Kule Usukumani tunajua macho mekundu yamewagharimu nini bibi zetu: kuna vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, na macho hayo yalitokana na kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Huku kwetu hakuna aliyewaita wapishi wachawi. Tuliwaita wapishi tu, tukaona ndivyo wapishi walivyo.

Kuna jambo ambalo mpaka leo linanikera nikilikumbuka. Wapishi wa taasisi hupimwa afya. Kila mara wanapelekwa kupimwa, wanapimwa choo, wanaulizwa kama wana kikohozi cha muda mrefu, wanarudi na karatasi yenye mhuri, mimi naifungia kwenye faili. Ni utaratibu mzuri, sitaki ufutwe. Lakini angalia unamlinda nani. Unamlinda anayekula. Mama akionekana anakohoa, swali ni kama ana kifua kikuu atakachowaambukiza watoto. Akikutwa hana, anarudishwa kwenye moshi uleule unaomkohoza, na karatasi inasema yu mzima.

Hivyo kikaoni, baada ya walimu kumaliza kusema kwamba sisi tunapanda, mpishi mkuu akaomba nafasi. Ni mama wa makamo, hasemi sana. Akasimama, akasema, "Mkuu, samahani. Moshi wa mti wa kupandwa na moshi wa mti wa porini, kifuani unaingia sawasawa." Akakaa. Mwalimu wa baiolojia alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, kwa sababu ndivyo ilivyo. Chembe laini za moshi haziulizi mti ulikuwa wa nani. Zinapita puani, zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zikizoea kushuka kila siku kwa miaka, mtu anaanza kuhema akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda akiimba. Macho nayo yana hesabu yake, na mtoto wa jicho ni mojawapo.

Kitaifa jambo hili limesemwa sana, na limesemwa kwa uzito. Rais Samia Suluhu Hassan aliongoza mjadala wa nishati safi ya kupikia Dar es Salaam Novemba 2022, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zikawekewa ukomo wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Hayo yote nayakubali. Lakini sikiliza yanavyotangazwa: picha ni ya mama nyumbani kwake, na sababu ya pili ni msitu. Mpishi wa shule, wa gereza, wa hospitali hayumo kwenye picha, wakati yeye ndiye anayekaa kwenye moshi mwingi zaidi, kwa saa nyingi zaidi, na anakaa pale kwa sababu ameajiriwa. Jikoni kwetu ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na haijaandikwa kwa ajili ya migodi na viwanda pekee. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama na yenye afya kazini kwenye orodha ya haki za msingi za mfanyakazi. Muulize mkuu wa shule yoyote kama ana mahali pa kazi hatarishi, atakuonyesha maabara ya kemia.

Tulichelewa kubadilika, kama shule nyingi. Pesa, vikao, likizo, pesa tena. Tulifikiria mkaa mbadala wa makaa ya mawe unaotengenezwa na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ule wa Rafiki Briquettes. Wapishi wakasema wanataka kitu kisichohitaji kuwashwa kwa kupuliza. Tulifikiria umeme, lakini nyaya za jikoni zilikuwa za taa tu. Tukaishia kwenye gesi.

Majiko yakaja na fundi wake. Yalikuwa mazuri kuyatazama, ya chuma, yamesimama juu ya miguu mirefu kama meza ya ofisini, na hapo ndipo shida ilipoanza. Aliyeyachora hajawahi kusonga ugali wa watu mia nne. Ugali wa kiasi hicho huusongi kwa mikono, unausonga kwa mgongo na uzito wa mwili: sufuria iko chini, mwiko mrefu unashuka kutoka juu, unaegemea, unageuza. Ukiinua sufuria hadi kifuani, uzito wote unahamia mabegani. Wiki zile za mwanzo yule baba, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote, alikuwa akimaliza ugali anashindwa kuinua mkono kujifuta jasho. Moshi umeondoka, mabega yameumia. Aliyetuuzia alisema watazoea. Mpishi mkuu akaomba aitwe fundi wa kuchomelea wa hapahapa mjini, akamwonyesha kwa kiganja chake mwisho wa paja: "Kata mpaka hapa." Miguu ikakatwa. Gharama yake haikufika bei ya gunia la maharage. Kama mpishi angeulizwa kabla ya kuagiza, tusingelipa hata hiyo.

Hofu nayo ilikuwepo. Moto wa kuni unauona unapotoka na unapokwenda, gesi haionekani. Mama mmoja alikuwa akiwasha kiberiti huku ameugeuza uso upande wa mlango, kwa hiyo haoni anachowasha, na hiyo ni hatari kuliko gesi yenyewe. Mafunzo ya muuzaji yalikuwa ya mchana mmoja, kwa maneno mengi na vitendo kidogo. Kilichowatuliza ni mambo machache waliyoelezwa na sababu yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, ndiyo maana mitungi ya kilo 38 iko nje kwenye kizimba cha nyavu na ukuta una matundu karibu na sakafu. Msiyazibe kwa matambara kwa sababu ya baridi. Harufu ile mbaya imeongezwa makusudi ili pua iwahi kabla ya kiberiti. Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio. Njiti huwaka kwanza, koki hufunguliwa baadaye. Siku mpishi mkuu alipogundua mwenyewe kwa povu kwamba mpira mmoja unapumua, akafunga mtungi na kuja kuniambia stoo kwa sauti ya kawaida, nilijua hofu imekwisha na imebaki tahadhari.

Faida kubwa kuliko zote hakuna aliyeitaja kwenye semina yoyote. Ni usingizi. Gesi inawaka saa uliyoitaka, kwa hiyo wapishi waliacha kuamka saa tisa, wakawa wanaamka karibu na saa kumi na moja. Hilo halisomeki kwenye takwimu ya nishati, lakini kwa mama mwenye mtoto mchanga, anayetembea gizani kwenye ukungu wa Julai kutoka kijijini hadi shuleni, ni mabadiliko ya maisha. Walianza kucheka asubuhi. Uji ukawa mtamu, nasema kweli. Mtu aliyelala anakumbuka chumvi.

(Nimetaja semina. Nilihudhuria moja ya kutunza mazingira kazini, ukumbi mzuri, na mbele ya kila mshiriki palikuwa na chupa ndogo mbili za maji za plastiki. Mwezeshaji alituambia tuzime taa za ofisini. Tukazima.)

Sasa upande ambao watu wa miradi hawapendi kuusikia. Kuni zilikuwa zinafanya kazi zaidi ya kupika. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya kusimuliwa. Jikoni palikuwa ndipo mahali pekee pa joto shule nzima. Walimu walipita kuota moto wakisingizia chai. Mlinzi wa usiku alikuwa akifika saa tisa moto ukishawashwa, anakaa kwenye kigoda, anapasha mikono hadi kunakucha. Gesi ilipokuja jikoni pakawa safi na baridi. Sakafu ya saruji ikaanza kuwauma wapishi miguu, tukanunua buti za mpira na masweta.

Lakini mlinzi tulimsahau wote. Asubuhi moja alikuja kuniomba dawa ya kichwa, kesho yake akaja tena, anasema usiku anapata kizunguzungu na kutapika. Nikamfuata hadi kibandani kwake. Kibanda cha mbao, dirisha limezibwa kwa gunia, na katikati jiko la mkaa. Kwa kuwa moto wa jikoni haupo tena, alikuwa amejiletea wake. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa wakaamka wachache au wasiamke kabisa. Mkaa hauna moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu wanauamini, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu na kuizuia isibebe oksijeni. Kichwa na kichefuchefu ndiyo salamu yake ya kwanza. Tulikuwa tumewaondolea moshi wapishi watano, sumu ikahamia kwa mtu mmoja aliyekuwa hayumo kwenye mpango wowote. Jiko lile lilitolewa siku hiyohiyo. Mlinzi alinunuliwa koti zito la mitumba, gunia likaondolewa dirishani, na wapishi humwachia chupa ya chai ya tangawizi kila jioni. Ni suluhisho la bei ndogo, na bado anasema moto ulikuwa bora. Simlaumu.

Mwingine ni mzee aliyekuwa akipasua kuni. Hakuwa mwajiriwa, alilipwa kwa kila lori alilopasua. Kuni zilipokwisha, kazi ikaisha, bila barua na bila kikao, kwa kuwa hakuna barua iliyokuwa imemwajiri. Nilipendekeza apewe bustani ya mboga, nikajibiwa kwamba bustani ni kazi ya wanafunzi wa elimu ya kujitegemea. Siku hizi anapasulia watu kuni kijijini kwa bei ndogo zaidi. Waraka wa nishati safi haukumtaja, na bajeti yetu haikumtaja.

Hata majivu tumeyakosa. Udongo wetu una tindikali na majivu ya jiko yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye kabichi. Sasa mwalimu wa kilimo ananunua chokaa.

Kuhusu gharama, kikao cha wazazi kilikuwa kikali. Mabanzi yalikuwa karibu ya bure, gesi inalipiwa taslimu, na mzazi mmoja aliuliza kwa nini mwanawe alipie kifua cha mpishi. Sikupenda swali lile lakini lilikuwa la haki, kwa maana ndilo swali lenyewe: nani analipa? Zamani alikuwa analipa mpishi, kwa kifua chake, na hakuna aliyemwandikia risiti. Nikawaeleza hivyo hivyo. Wengine waliguna.

Kisha tukarudi jikoni kutafuta mahali pa kupunguza, na safari hii tuliwauliza wapishi kwanza. Walijua yote. Maharage na mahindi ya makande yalowekwe tangu jioni, maji yamwagwe asubuhi. Chemsho linakuwa fupi mno. Kwa wapishi wa nyanda za juu hilo lina maana kuliko kwa wa Dar es Salaam, kwa sababu kwenye mwinuko wetu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, hivyo harage linakaa jikoni muda mrefu likitokota bila kuiva. Masufuria yafunikwe, na mifuniko iliyopinda ipelekwe kwa fundi. Moto upunguzwe maji yakishachemka, maana kuchemka kwa fujo hakuivishi haraka zaidi. Wakati wa baridi kali mitungi iunganishwe kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa mtungi mmoja ukinyonywa kwa nguvu kwenye baridi unapoa mpaka unafanya umande wa barafu ubavuni, presha inashuka, na mtu anadhani gesi imekwisha kumbe imo. Hilo la mwisho tulielezwa na dereva wa lori la gesi. Semina haikulijua.

Matumizi yakashuka vya kutosha wazazi wakaacha kupiga kelele. Mahafali bado tunapika pilau kwa kuni, nje, uwanjani, kwa sababu majiko hayatoshi wageni wote. Mkuu hapendi tuseme. Mimi naona kuni za uwanjani kwenye upepo mara moja kwa mwaka hazina shida na mtu.

Mwaka huu nimeandika maombi matatu kwenye bajeti. La kwanza, majiko mawili ya presha ya umeme kwa ajili ya maharage, pamoja na nyaya zake. La pili, kifungu cha kubadilisha mipira na regulata kila inapofika muda wake, tusisubiri povu. La tatu, vipimo vya mapafu kwa wapishi watano na mlinzi, vile vya kupuliza kwenye mashine, pamoja na macho, kwa gharama ya shule na kwa ajili yao wenyewe. La pili lilipita bila swali. La kwanza wamesema litafikiriwa muhula ujao. La tatu lilirudishwa na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: "Si wapishi walishapimwa?" Nimeambatanisha karatasi zao za mhuri, nimeandika chini kile zinachopima na kile zisichopima, nimelirudisha.